Kilichokuwa Ndani ya Tende Yako

Mpendwa Bibi, mke mwenzangu,

Barua zetu huanza kwa kuulizana hali, nawe uko pahala ambapo hali haiulizwi. Basi nakuombea rehema, kisha nikueleze ya huku. Huku si kwema. Niko Riyadh, Manfuha, nyumbani kwa Baba. Nimekaa jikoni juu ya ile mbuzi yako ya kukunia nazi, ambayo Baba hataki itupwe ingawa haikuni tena. Yeye amelala chumbani tangu aliposali Adhuhuri. Namsikia akikoroma kupitia ukutani, na koromo likichelewa nashika pumzi mpaka litoke jingine. Akiamka kwa Alasiri nitamwambia lile jambo uliloniapisha nisimwambie. Nakuandikia kabla kwa sababu nakuogopa hata sasa.

Baba alianguka, Bibi. Alikuwa anatawadha, akainama kuosha miguu, hakuinuka. Salum, kaka yangu anayekaa naye, alimkuta sakafuni maji yanamwagika, mdomo umekwenda upande, anajaribu kutoa shahada na maneno hayatoki sawa. Walimlaza hospitali. Mdomo ukarudi karibu na pahala pake, lakini mkono wa kushoto bado mzito. Daktari akasema ni presha, tena ya muda mrefu, akampa vidonge vya kumeza kila siku. Akamvuta Salum kando akamwambia kwamba mara hii mzee amesalimika, ila ikimrudia huenda asiseme tena wala asisimame.

Mwanao unamjua. Alipofika nyumbani alimkabidhi Salum mfuko wa dawa auweke juu ya kabati, akaagiza tende na ubani. "Mama yangu hakumeza kidonge hata siku moja," alisema, "na kaishi miaka mia na ishirini." Salum akamsihi, akamletea imamu wa msikiti wa jirani, akagombana naye mpaka wakanuniana. Jibu likawa hilo hilo. Salum akanipigia simu Jeddah kwa sauti ya kukata tamaa: "Njoo weye. Weye ndiye uliyekuwa unakaa na Bibi, labda atakusikiliza."

Hakujua alichokuwa anakiita.

Unazikumbuka asubuhi zetu za Nuzha, kule Jeddah? Ndege zilikuwa zikishuka juu ya mapaa hadi vikombe vinatetemeka kabatini, nawe unazifokea: "Piteni basi, mbona mnatuchungulia!" Mimi napasha maziwa. Wewe umekaa mkekani na chetezo ubavuni, na vijaluba vyako viwili mbele yako. Kimoja cha ubani, kimoja ulikiita cha tambuu, ingawa tambuu uliiacha kabla sijazaliwa. Unachukua tende ya ajwa, unaipasua kwa ukucha wa gumba, unatoa kokwa, unatia kitu kidogo cheupe palipokuwa na kokwa, unaibana, unaichovya kwenye samli, bismillahi, mdomoni. Watu waliokuja asubuhi walikukuta kwenye kazi hiyo wakatazama bila kusema. Akitokea mwenye kuuliza umetia nini, ulijibu, "Ubani," na kwa kweli nyumba nzima ilikuwa inanukia ubani. Nani angekutilia shaka?

Hata mimi, niliyelala chumba kimoja nawe tangu Mama alipofariki, nilidhani ni ubani. Mpaka siku ile kilipokuponyoka kikabingirika hadi mguuni kwangu. Nikakiokota. Kilikuwa laini, cha duara, kina mstari katikati.

"Bibi, hiki kidonge."

"Nnajua kuwa kidonge, mie si kipofu. Lete kabla hakijaingia vumbi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, wewe hukucheka. Ndipo nilipofahamu habari za Bi Asha wa Rawdha, yule shoga yako uliyekuwa ukienda kumtembelea kila mwezi na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona. Bi Asha ilikuwa zahanati. Tangu hapo nikawa nakusindikiza mimi. Daktari anakupima, anaandika, nawe unamwambia kwa Kiarabu chako cha Kihijazi asizungumze kwa sauti, kuna watu kule nje wanaokujua.

Na walikuwa wanakujua kweli. Kila Ijumaa nyumba ilijaa. Kina mama wa Kizanzibari na mabinti zao, Wayemeni, Wasudani wa ghorofa ya pili, na yule Mama Warda wa juu aliyekuwa akija na kila mgeni wake akuone, utadhani wewe ni wake. Umri wako walikuwa wakikuongezea kwa mafungu. Idi moja una miaka mia, Idi ya pili una mia na kumi, na ya tatu wamekufikisha mia na ishirini. Siku moja walipoondoka nilikwambia, "Bibi, kwa hesabu yao, Baba ulimzaa ukiwa ajuza." Hukupepesa jicho. "Bi Sara mke wa Nabii Ibrahimu alizaa mzee. Mie nani nishindwe?"

Halafu yakaja meno. Wengine wana majumba ya kujivunia. Ukoo wetu una meno ya Bi Mize. Huyo bibi yako wa Pemba, wanavyohadithia, aliishi mpaka akaota meno mara ya tatu, akarudia kutafuna muwa mbele ya watu ili waamini. Basi siku uliyotoka kwa daktari wa meno na safu mpya kinywani, Mama Warda alikukuta ngazini akapiga kigelegele kilichotoa watu milangoni. "Kaota! Bibi kaota!" Na wewe, Mungu akurehemu, ukasimama pale ngazini ukayaonyesha yote.

Kila mtu alijua kwa nini umeishi sana. Mwenye duka la chini, Myemeni, aliapa kuwa ni asali yake, akawa anakutaja kwa wateja kabla hawajauliza bei. Wasudani walisema ni maziwa ya ngamia. Mama Warda alishikilia habasoda. Mzee mmoja wa Unguja alisema hayo yote upuuzi, ni mchunga ulioula utotoni, mboga chungu husafisha damu. Mwisho wote wakakubaliana juu ya tende yenye ubani, kwa kuwa hiyo waliiona kwa macho yao. Hakuna aliyeuliza habari ya kuku wa kukaangwa na ile sosi ya kitunguu saumu, uliyokuwa ukinituma kila Alhamisi na kuniambia niifiche ndani ya abaya.

Nilifurahi siku hizo. Nilikuwa nikikutazama ukiwachezea nikaona mchezo mzuri, usiomdhuru mtu. Na hao hao ukiwafokea wakija na vidonda walivyovificha kwa waume zao: "Mficha maradhi, kifo humuumbua!" Mimi jikoni naziba mdomo kwa kanga.

Lakini siku ya kidonge nilikuuliza kwa nini, nawe siku hiyo hukunitania. Ulizima chetezo kwanza. Ukaniambia nikae.

"Mwaka wa mapinduzi," ulisema, "babu yako alitoka kwenda kumtazama nduguye, hakurudi. Mie nikajifungia stoo ya nyuma, mie na baba yako Saidi, yu mdogo, hata kanzu yenyewe anaiburura. Nje makelele. Milango ya watu inavunjwa. Saidi hakulia. Kanitazama tu akaniuliza, 'Mama, tutakufa?' Sasa mie nimjibu nini? Nilikuwa na tende nimezifunga pindoni mwa kanga. Nikampasulia moja nikamwambia, kula hii. Sisi ukoo wa Bi Mize, hatufi wadogo. Mwenye kuila hii huishi mpaka akaota meno mara tatu. Akaila. Akalala mapajani mwangu na kelele zote zile."

Ndege ikapita juu ya paa.

"Tukatoka salama. Tukafika huku hatuna kitu, hata ikama ya kukaa nchini hatuna, na kila akiogopa ananitazama mdomo nikila tende. Mpaka leo ni mtu mzima na akija Idi ananitazama mdomo. Presha hii mie ilinipanda tokea stoo ile. Nikamwambie kuwa mama yake anaishi kwa vidonge kama watu wengine wote? Neno lile ndilo alilolilalia. Usimpokonye. Nikifa pia usimpokonye. Hiyo amana."

Nikaapa. Ulikuwa umenishika mkono kwa nguvu, na mimi mwenyewe nilikuwa nalia.

Ulifariki Shaabani, usingizini, kwa utulivu ambao umenifanya niache kuogopa kufa kwa kiasi fulani. Meno ya Bi Mize nilikuwa wa kwanza kuyaona kwenye glasi, nikayaficha kabla Mama Warda hajafika. Wanawake wakagawana tende zilizobaki kwenye mkebe wako, kila mmoja akafunga yake kwenye kitambaa kwa kutabaruku, apate baraka zako. Baba alikuja kutoka Riyadh. Hakutaka mkufu wako wala saa yako. Alichukua kijaluba cha ubani. Kile kingine nilikitia mkobani mwangu, na kimekaa humo mpaka leo.

Asubuhi hii nimeshuka uwanja wa ndege, Salum yuko kazini, kanitumia Njoroge, dereva wa Kikenya anayefanya kazi naye. Mtu mpole. Alipomaliza kunipa pole akasema, "Salum ameniambia mzee amekataa dawa. Ati juu ya shosho yenu aliishi one-twenty?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Hata shosho yangu walisema hivyo hivyo. Ati ni nduma, ile mizizi ya kuchemsha, na uji wa kuchachisha. Akiwa hai alikuwa na themanini na kitu. Siku ya kumzika, pastor akasimama akasema mia moja na tano! Si unajua mtu akishaenda ndio miaka inaongezeka." Akacheka peke yake, akaniangalia kwenye kioo, akaacha. "Pole, dada. Lakini mwambieni mzee ameze dawa, bana. Kwani nduma imekatazana na dawa?"

Nilikuwa nimeukumbatia mkoba, na ndani ya mkoba nakisikia kijaluba chako kikigonga kila tukipita tuta.

Manfuha gari halifiki mlangoni kwa Baba, vichochoro ni vyembamba na nyumba zenyewe zimeegemeana. Njoroge akanibebea begi. Baba alikuwa ameketi ukumbini, kofia kichwani, kanyooka, anataka nimwone mzima.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitazama nakufa?"

"Nimekuja kukutazama unaishi."

"Basi kaa ule."

Bibi, ninayokwambia sasa ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Alivuta sahani ya tende. Alitaka kunipasulia mwenyewe, kama ulivyokuwa ukitupasulia wewe. Mkono wa kushoto ukakataa. Akaibana tende kati ya goti na kiganja, akaichokoa kwa mkono wa kulia, ikaponyoka, akaiokota, akaanza tena. Jasho linamtoka. Nilinyoosha mkono akaniangalia kwa jicho ambalo sijaliona tangu nilipokuwa mtoto mtundu. Alipoipasua mwisho, akachukua punje ya ubani kutoka kijaluba chako, akaitia ndani, akaibana, akaichovya samlini, akala. Alitafuna upande mmoja tu, maana upande wa pili haujarudi sawa. Ubani ulimkwama kwenye meno. Akafumba macho, uso umetulia, sawasawa na mtu aliyemeza dawa.

Nilikukasirikia. Nasema hivyo na sirudi nyuma. Nilikupenda kuliko mtu yeyote, na pale kwenye mkeka wa Baba nilitamani uwe hai ili nikugombeze.

Nilijaribu njia zote zisizopitia kwako. Nikamwambia Mungu kaleta maradhi na kaleta dawa yake. "Na tende si dawa? Mama yangu..." Nikamwambia wajukuu wake wanamhitaji. "Watanikuta. Mama yangu..." Nikamwambia duktur kasoma miaka na miaka. "Umri kauandika Mungu, mwanangu, hakuuandika duktur. Mama yangu..." Kila mlango niliobisha ulifunguliwa na wewe. Mwisho akasema amechoka, akasali, akalala, nikaingia jikoni.

Nimekaa hapa nikijiuliza amana ni nini. Ukimwekea mtu kisu na mwenye kisu akafa, kisha mtoto wake akakishika upande wa makali, utasema hii amana siigusi? Najua utakavyonijibu. Utasema hicho si kisu, ni tende, na kwamba mimi hodari wa kupinda maneno. Lakini uliniambia nisimpokonye neno alilolilalia. Hukuniambia nifanye nini likiwa linamlaza moja kwa moja.

Na ninaogopa jambo jingine. Salum alisema daktari alionya asishtuliwe. Sasa nitamwambia vipi mtu mwenye presha ya namna ile kwamba mama yake alimficha maisha mazima? Nikinyamaza atakufa taratibu. Nikisema huenda akafa mbele yangu.

Koromo limekatika. Anakohoa. Anaita maji.

Nimerudi, Bibi. Jua bado liko kwenye ukuta wa jirani, kwa hiyo si muda mrefu, ingawa kwangu ni siku nzima. Mwandiko umeharibika, soma polepole.

Alisali akiwa amekaa kwenye kiti. Salum alikuwa amesharudi, yuko mlangoni, nilimwomba asiende mbali. Nikakaa chini miguuni pa Baba, nikatoa kijaluba mkobani, nikakiweka mapajani mwake.

"Cha tambuu hiki," alisema, akatabasamu. "Nilidhani kimepotea."

"Hakikuwa cha tambuu, Baba. Kifungue."

Kifuniko kilimshinda, nikakifungua mimi. Vilikuwamo vidonge vichache, vile ulivyobakisha. Alivitazama sana.

"Vya nani?"

"Vya Bibi. Vya presha. Kila asubuhi alikuwa akikitia kimoja ndani ya tende. Haukuwa ubani."

Sauti ikatoka nzito, maneno yanagongana kwa ajili ya ulimi wake. "Unamsingizia marehemu. Mama yangu hayupo wa kujitetea, nawe unakuja nyumbani kwangu, unakula tende yangu, unamsingizia." Akataka kusimama. Mshipa wa shingo umemtoka, uso umeiva, na mdomo nikauona unataka kwenda upande, au hofu ndiyo iliyonionyesha. Salum akaruka kumshika. "Muache Baba! Halas!" alinipigia kelele mimi. Nikajisemea, nimemuua. Bibi, kwa muda ule mfupi nilikuwa na hakika kwamba nimemuua mwanao.

Sikubishana. Nilisimama. Nilinyoosha mkono juu ya kabati nikauteremsha ule mfuko wa dawa zake, nikatoa kidonge kimoja. Nikachukua tende. Nikaipasua kwa ukucha wa gumba, nikatoa kokwa, nikakitia kidonge palipokuwa na kokwa. Nikaibana. Nikaigeuza, nikaibana tena upande wa pili, kama ulivyokuwa ukifanya ili pasionekane ufa. Nikaichovya samlini. Mikono yangu imefundishwa na yako, na siku zile za mwisho vidole vyako vilipovimba mimi ndiye niliyekufanyia.

Baba alikuwa ameacha kupigana na Salum. Anaitazama mikono yangu.

"Rudia," alisema.

Nikaipasua tena, nikakitoa, nikakirudisha, nikaibana mara mbili, nikaichovya.

"Mara mbili," alisema polepole. "Alikuwa anaibana mara mbili. Ubani hauhitaji kubanwa mara mbili. Mie naibana mara moja tu, unakaa." Akakaa kitini. "Meno nilijua. Meno yale nani asiyeyajua, yamepangika kuliko ya bwana harusi. Nikasema muache Mama afurahi. Lakini hili sikulijua."

Kisha akalia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata siku tuliyokuzika hakulia. Machozi yalikuwa yakishuka upande mmoja haraka kuliko upande wa pili. Salum akatoka nje.

"Kwa hivyo pale stoo alinidanganya," alisema.

Ndilo neno uliloliogopa miaka yote, Bibi, na halikukufikia wewe, limenifikia mimi. Nilimwambia nilichonacho. "Alikuwa na hofu kama wewe, Baba. Alitaka ulale."

Alipangusa uso kwa kiganja cha kulia. "Nililala," alisema. "Nililala kweli."

Akanyoosha mkono wa kulia, akaichukua tende kwenye vidole vyangu, bismillahi, akaila. Akatafuna. Ghafla akakunja uso. "Chungu!"

"Bibi alikuwa akimeza, Baba. Hakuwa akitafuna."

"Sasa ndiyo unaniambia?" Akacheka, au tuseme upande mmoja wa uso ulicheka, nami nikalaza kichwa kwenye goti lake nikalia mpaka nikachoka.

Lakini habari haikwisha hapo, na ndiyo maana barua hii siifungi kwenye bahasha. Alipotulia aliniambia, "Nitavimeza. Lakini kwenye tende. Na watu wasijue. Kule Jeddah wasijue kabisa. Waache wabaki na Mama wao." Akanishika mkono kwa nguvu. Nikaujua mshiko ule, Bibi, ni wako.

Nikamfikiria Mama Warda. Mwezi uliopita alinisimamisha ngazini kuniomba ubani wa Bibi. Yeye ana sukari na ana presha, na alinionyesha kwa fahari kwamba dawa zake amezifungia kabatini, siku hizi ni tende tu. Nikawafikiria wale wengine na vitambaa vyao vya tabaruku. Wangapi miongoni mwao wanapasua tende kila asubuhi, wanatia ubani na kufumba macho? Walikula tulichokionyesha. Kilichokuwa ndani ulikila peke yako.

"Siwezi, Baba," nilisema. "Hii nyingine sitaibeba. Nitawaandikia wote, na kila mtu aisome."

Nilitegemea agombe. Hakugomba. Aliuachia mkono wangu, akakichukua kijaluba cha tambuu, akakigeuzageuza. Nje watu wa Manfuha walikuwa wanarudi kutoka msikitini, wanaitana kwa lugha zao.

"Basi waandikie," alisema. "Waambie wote. Lakini ukishawaambia ya vidonge, andika na hili. Ile tende ya stoo haikuwa na kitu ndani. Si kidonge, si ubani. Na mie huyu hapa."

Nimeandika, Bibi, humu humu kwenye barua yako, maana hii ndiyo nitakayowapelekea wote. Nimeandika kama alivyosema.

Ukiwa umenikasirikia, nivumilie tutakapokutana, na usinitarajie upesi, maana kesho naanza mimi mwenyewe kupimwa presha. Vijaluba vyako vyote viwili viko kwa mwanao, kimoja kando ya mwenzake, na Salum kaapa kwamba kila asubuhi atasimama hapo mpaka tende ishuke. Lala kwa amani, mke mwenzangu. Mume wetu msalimie, na umwambie mwanawe anakula.

Mimi mke mwenzio,
mjukuu wako wa Nuzha